Riwaya za ukoo na mapenzi: kwa nini hatuziachi?



Huku baridi imeshaingia, bwawa la Toogood limeanza kuganda pembezoni, na mtu akishakoroga chai yake ya tangawizi hana pa kwenda ila kwenye kitabu. Leo naomba nizungumze juu ya vitabu ambavyo sisi wenye shahada tunavisoma kwa kujificha, au tukionekana navyo tunasema ni vya mke wangu. Nakusudia zile riwaya nene za ukoo na mapenzi. Babu kajenga jumba, bibi kalilinda, watoto wamelipigania, wajukuu wamependana na wasioruhusiwa kupendana, na ukifika ukurasa wa mwisho unaambiwa kuwa kuna vitabu vingine kumi na tano vya ukoo huohuo. Na wewe, badala ya kukasirika, unafurahi!

Nianze kwa kukiri. Mimi ni mtu wa isimu. Tasnifu yangu ya udaktari niliiandika Uingereza, juu ya vitenzi katika lahaja za mwambao, na fasihi niliisoma kama walivyoisoma wengi wa rika langu. Tulifundishwa kuwa riwaya ya maana ni ile inayozungumzia tabaka, ukoloni na ukombozi. Mapenzi yakiwemo, basi yawe ya kupita njia tu. Nilikaa na imani hiyo miaka mingi na wala haikunisumbua. Aliyekuja kunisahihisha hakuwa profesa. Alikuwa dada yangu, mtu wa darasa la nne.

Dada alinizidi miaka kumi na moja. Nilipozaliwa, Pangani, mwaka 1968, mama alikuwa mgonjwa, na dada akatolewa shule ili anibebe. Hakurudi tena darasani. Hilo nimelijua maisha yangu yote, lakini kulijua jambo na kulibeba ni vitu viwili. Alipokuja kukaa nasi hapa Unionville, majira ya baridi ya 2017, kisukari kilikuwa kimeshamla macho. Televisheni aliisikia tu. Redio ya huku haimhusu. Nikamuuliza, "Dada, nikusomee nini?" Akanijibu, "Nisomee kitu chenye watu."

Kitu chenye watu! Nilitazama rafu zangu nikaona aibu. Zilijaa vitabu, lakini watu walikuwa haba.

Wiki ileile nilikuwa nimenunua, katika sanduku la vitabu vikuukuu, kwa dola moja, riwaya iitwayo Jalna. Niliichukua kwa sababu ya historia tu. Mwandishi wake, Mazo de la Roche, alizaliwa mwaka 1879 katika mji wa Newmarket, ambao kutoka kwangu ni mwendo wa nusu saa hivi kwa gari. Mwaka 1927 kitabu hicho kilishinda zawadi ya dola 10,000 ya jarida la Atlantic Monthly la Marekani, fedha nyingi mno kwa wakati ule, na mwandishi ambaye hakuwa akijulikana sana akawa mashuhuri kwa usiku mmoja. Aliendelea kuandika juu ya ukoo huohuo, akina Whiteoak, mpaka vikafika vitabu kumi na sita. Cha mwisho kilitoka mwaka 1960, na yeye akafariki mwaka uliofuata. Vilisomwa na mamilioni ya watu, vikachezwa jukwaani, na mwaka 1972 televisheni ya taifa ya Kanada ikavitengenezea tamthilia. Wahakiki wengi wa Kanada hawakuvipenda. Wasomaji hawakuwauliza wahakiki.

Basi nikakaa sebuleni, kitabu cha Kiingereza mkononi, nikamsomea dada kwa Kiswahili, nikitafsiri papo kwa papo. Nilidhani tutafika kurasa ishirini atasinzia. Tulimaliza, tukatafuta cha pili, tukatafuta cha tatu. Na kila usiku alikuwa akinieleza, bila ya kukusudia, kwa nini riwaya hizi zinanata. Haya ninayoyaandika hapa chini ni ya kwake nusu, na nusu ni ya vitabu nilivyokwenda kuvisoma baadaye ili nione kama wakubwa wa fani wanakubaliana naye. Kwa sehemu kubwa wanakubaliana.

Kwanza kabisa, tuelewane tunazungumzia nini. Wazungu wanaziita saga, neno lililotoka kwa watu wa Iceland, ambao katika karne ya 13 waliviandika visa vya koo zao, nani alimuua nani, nani alimuoa nani, na kisasi kilirithiwa vipi. Riwaya ya ukoo ya siku hizi imebakiza mifupa ileile. Lazima pawe na vizazi viwili au vitatu, pawe na mahali pamoja ambapo wote wanatoka au wanarudi, pawe na mali ya kurithiwa, na pawe na ndoa ambayo haikutakiwa. Tena wala si fani ya vichochoroni. Thomas Mann alipopewa Nobeli mwaka 1929, kitabu kilichotajwa hasa ni Buddenbrooks cha mwaka 1901, hadithi ya vizazi vinne vya ukoo wa wafanyabiashara. John Galsworthy wa ile hadithi ndefu ya akina Forsyte alipewa yake mwaka 1932. Kwa hiyo tukizidharau tujue kuwa tunadharau na hao.

Sasa, kinachovuta ni nini?

La kwanza ni nyumba. Jalna si jina la mtu, ni jina la jumba. Kapteni Philip Whiteoak, askari Mwingereza, alikutana na mkewe Adeline huko Bara Hindi, wakahamia Kanada, wakajenga jumba kubwa karibu na ziwa Ontario na kuliita kwa jina la kambi ya jeshi alikokuwa. Bibi Adeline amekuja na kasuku wake, na kasuku huyo anatukana kwa Kihindi. Dada alipofika hapo alicheka mpaka akatoka machozi. "Kumbe na wao wamekuja na jahazi!" Angalieni alivyoona haraka. Watu wa Jalna wanajidai ni wenye nchi, lakini kasuku wao anawaumbua kuwa wametoka ng'ambo ya bahari. Msomaji aliyehama kwao anaielewa nyumba kama hiyo kuliko aliyezaliwa humo. Sisi tuliotawanyika, mmoja Unionville, mmoja Maskati, mmoja Leicester, hatuna tena ukumbi mmoja wa kugombania. Riwaya inatujengea ukumbi huo, na inaturuhusu kuugombania bila ya kupelekana mahakamani.

La pili ni mirathi. Katika kitabu cha kwanza Bibi Adeline anakaribia miaka mia, na hasemi mali yake atamwachia nani. Mtoto, mjukuu, kila mtu anajipendekeza. Dada akasema, "Bibi huyu ana akili. Akitaja jina tu, kesho uji hamletei mtu." Katika kitabu cha pili, Whiteoaks of Jalna cha mwaka 1929, bibi anakufa na fedha zote anamwachia Finch, kijana mnyonge mwenye kupenda piano ambaye hakuna aliyemtarajia. Nyumba inawaka moto, yaani wa maneno. Hapa ndipo mwandishi wa riwaya ya ukoo anapomzidi mwandishi wa riwaya ya mapenzi matupu. Mapenzi matupu yanauliza swali moja tu: watapatana au hawatapatana? Mirathi inauliza maswali mengi kwa mpigo: nani alipendwa zaidi, nani alihudumu na hakuonekana, nani ni wa damu na nani ni wa kuokotwa. Hakuna mtu mwenye ndugu asiyekuwa na maswali hayo moyoni. Wapo tu wanaoona haya kuyasema.

La tatu ni ndoa, na hapa naomba mniruhusu niingize kidogo isimu. Alayne, mwanamke wa New York, ameolewa na Eden, mshairi wa ukoo. Akifika Jalna anampenda Renny, kaka mkubwa wa Eden kwa baba. Wakati huohuo Eden anaangukia kwa Pheasant, mke wa mdogo wake Piers. Kwa Kiingereza mahusiano yote hayo yanakusanywa katika neno moja au mawili ya kisheria. Mimi nikitafsiri ilinibidi kila mara nichague: huyu ni wifi, yule ni shemeji, huyu ni mkazamwana, yule ni mavyaa. Na nilipotamka tu "shemeji", dada akajishika kifua. "Shemeji yake? Jamani!" Kiswahili kilikuwa kimeshaandika nusu ya mchezo. Neno shemeji kwetu lina utani ndani yake, lina heshima, na lina hatari. Neno wifi lina makali ambayo Meg, dada mkubwa wa Jalna, ameyatumia dhidi ya wake za nduguze kitabu kizima bila ya kujua kuwa yana jina. Nimefundisha istilahi za ujamaa miaka mingi kwa michoro ya pembetatu na duara. Kumbe darasa lenyewe lilikuwa riwaya ya mapenzi.

La nne ni siri. Kila ukoo wa riwaya una jambo lililofukiwa, na kila msomaji anajua kuwa litafukuliwa. Pheasant ni mtoto wa nje wa jirani yao Maurice, na kuzaliwa kwake ndiko kulikovunja uchumba wa Maurice na Meg miaka mingi nyuma. Kwa hiyo Piers anapomwoa Pheasant, analeta ndani ya nyumba dhambi ambayo dada yake hajaisamehe. Kosa la kizazi kimoja linakuja mezani na kizazi cha pili na kukaa kwenye kiti. Hicho ndicho kiunzi chenyewe.

Nataka kusema hapa kuwa kiunzi hicho sisi tunacho chetu, na wala hatukukikopa. Kabla ya riwaya tulikuwa na nasaba. Habari za Pate zinawapanga watawala wa Kinabhani mmoja baada ya mmoja, fulani mwana wa fulani. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844, aliondoka Unguja mwaka 1866 kwa sababu ya mapenzi yake na mfanyabiashara wa Kijerumani, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake huko Ujerumani: majumba, masuria, ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali, fitina za kurithi kiti. Ukiisoma unasahau kuwa si riwaya.

Na katika riwaya zenyewe, mchukueni Said Ahmed Mohamed na Utengano yake ya mwaka 1980, ambayo vijana wengi wa sekondari Kenya wameisoma kwa ajili ya mtihani. Darasani tunaifundisha kuwa ni riwaya ya dhuluma na ya nafasi ya mwanamke, na ni kweli. Lakini mwanafunzi anaifungua tena usiku kwa sababu nyingine. Bwana Maksuudi alimdhulumu Mwanasururu. Mama wa Mwanasururu, Bi Farashuu, hakusahau. Mjukuu, Kazija, ndiye anayekuja kuwa mtego, akapendwa na Maksuudi na pia na Mussa, mtoto wa Maksuudi. Bibi, mama, mjukuu: vizazi vitatu vya wanawake, na deni moja. Au chukueni Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1976: Rehema, binti wa mwenye shamba tajiri, asiyetakiwa kwa ajili ya rangi yake, anakuja kupata mapenzi ya kweli kwa Sulubu, mkulima, na mwisho yote yanagongana juu ya ardhi ya urithi. Haya ni mapenzi, ni ukoo, ni mirathi, na ni siasa vilevile. Sisi walimu ndio tuliotenganisha.

Abdulrazak Gurnah, aliyepewa Nobeli mwaka 2021, amelifanya jambo hili waziwazi katika riwaya yake Desertion ya mwaka 2005. Mapenzi ya Rehana na Mwingereza, mwishoni mwa karne ya 19, yanakuja kuvunja mapenzi ya Amin na Jamila nusu karne baadaye, kwa kuwa Jamila ni mjukuu wa Rehana, na wazazi wa Amin hawataki damu yenye kisa. Mjukuu analipa nauli ya safari asiyoipanda.

La tano, na hili walilithibitisha wataalamu, ni wakati wa kusoma wenyewe. Janice Radway, mtafiti wa Marekani, alikaa na wanawake wasomaji wa riwaya za mapenzi, na mwaka 1984 akatoa kitabu juu yao. Alichogundua ni kuwa wengi wao walilithamini tendo la kusoma kama walivyoithamini hadithi. Mwanamke anayehudumia nyumba nzima, akifungua kitabu, anaiambia nyumba: sasa sipo. Ien Ang naye, katika miaka ya 1980, alikusanya barua 42 za watazamaji wa Uholanzi juu ya tamthilia ya Dallas, ule ukoo wa matajiri wa mafuta wa Texas. Waliijua kuwa si kweli, hakuna tajiri wa namna ile, lakini hisia waliziona za kweli: usaliti, wivu, mama anayewaona watoto wake wakiumizana. Mavazi ya uongo, machozi ya kweli.

Nilimweleza dada habari za mama Radway. Akafikiri kidogo. "Mimi hakuna aliyenipa ruhusa ya kusema sipo," akasema. "Ndio naanza sasa, na macho sina." Sikuwa na jibu. Nikafungua ukurasa tuliokuwa tumeufikia.

Hata mtaa huu ninaoishi umekopesha sura yake kwa hadithi za namna hii. Sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Gilmore Girls, iliyoanza mwaka 2000, ilipigwa hapa kwenye barabara kuu ya Unionville: bibi, mama na binti, na ugomvi juu ya mimba ya zamani. Wageni wanakuja mpaka leo kupiga picha. Wanatafuta mji mdogo ambamo kila mtu anajua wewe ni mtoto wa nani. Mimi nimekaa hapa zaidi ya miaka ishirini, na jirani wa mkono wa kushoto hajui mimi ni mtoto wa nani, wala mimi sijui yeye ni wa nani. Labda ndiyo maana tunasoma.

Sasa niseme na ubaya wa riwaya hizi, maana nisije nikaonekana nimerogwa. Siku moja ya Aprili nilimchukua dada mpaka Mississauga, kwenye jumba la Benares, ambalo sasa ni makumbusho. Ni nyumba ya matofali ya mwaka 1857, na inasemekana ndiyo iliyompa Mazo de la Roche picha ya Jalna. Dada alipapasa ukuta kwa kiganja. Akauliza maswali mawili. La kwanza: "Watumishi walilala wapi?" La pili: "Na kabla ya hawa, alikuwapo nani?"

Ndugu zangu, hayo ndiyo maswali ambayo Jalna haiyaulizi vya kutosha. Ardhi ile ilikuwa ya Wamisisauga, na jina la mji lenyewe linasema hivyo. Riwaya ya ukoo wa wenye nyumba ina tabia ya kuanza saa ile mwenye nyumba anapoweka jiwe la kwanza, kana kwamba kabla yake palikuwa na ndege tu. Inaufanya umiliki uwe mapenzi. Tunampenda bibi, kwa hiyo tunaipenda nyumba yake, kwa hiyo hatuulizi. Huo ndio udhaifu wake mkubwa, na ndiyo sababu ya haki waliyokuwa nayo walimu wangu.

Lakini dawa ya riwaya ya ukoo, naona mimi, ni riwaya nyingine ya ukoo. Na dawa hiyo ilikuwa papa hapa Toronto. M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kukulia Dar es Salaam, alikuja Kanada mwaka 1978. Riwaya yake ya kwanza, The Gunny Sack, yaani gunia, ilitoka mwaka 1989. Msimulizi ameachiwa gunia na bibi mmoja wa ukoo, na kila kitu anachokitoa humo ni kisa. Mwanzoni kabisa yupo Dhanji Govindji, Mhindi aliyefika mwambao kufanya biashara, akapewa mwanamke mtumwa, jina lake Taratibu. Akazaa naye mtoto, Huseni. Kisha akaoa mke wa jamii yake, na Taratibu akaondolewa nyumbani. Huseni alipopotea baadaye, baba alimtafuta mpaka akatumia na fedha za jamaa, na hilo likamletea kifo. Msimulizi mwenyewe ni wa uzao wa Taratibu. Ukoo mzima unatembea juu ya mgongo wa mwanamke aliyetolewa kwa mlango wa nyuma.

Nilimsomea dada sura hizo kwa usiku mbili. Usiku wa pili hakucheka wala hakuuliza. Nikadhani amelala. Akasema, "Huyo ndiye mama yake babu."

Nasaba yetu, kama tulivyofundishwa, inaanza na mzee aliyetoka Shihri, akaja Pangani, akazaa fulani, aliyezaa fulani, aliyemzaa baba yetu. Wanaume watupu, kama kwamba walichipua. Dada, ambaye alibaki nyumbani na mabibi wakati mimi napelekwa shule, alikuwa amesikia yasiyosemwa mbele ya wanaume. Mama yake babu aliletwa mtoto, kutoka bara, na msafara, katika siku zile ambazo Pangani ilikuwa bandari ya pembe na ya watu, na mashamba ya miwa kando ya mto yalilimwa na watumwa. Alikuwa na jina la kwao na jina alilopewa. Dada aliyajua yote mawili. Hakuna mwingine aliyekuwa hai aliyeyajua.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia miaka yote. Akasema, "Wewe ulikuwa unauliza vitenzi."

Ni kweli. Nilimrekodi dada mwaka 1995, kwa tasnifu, saa nne nzima. Nina kanda hizo mpaka leo. Nilimtaka aseme nimekwenda, hujakwenda, asingalikwenda. Yeye akataka kuingiza habari za mabibi, na mimi, nimejisikia mwenyewe kwenye kanda, namrudisha kwenye orodha yangu.

Basi jibu langu kwa swali la kichwa cha habari ni hili. Hatuziachi riwaya za ukoo kwa kuwa zinatufundisha namna ya kuuliza mambo ya nyumbani bila ya kumtazama mtu machoni. Dada asingeweza kuniambia "sisi ni wajukuu wa mtumwa" mezani, mbele ya sahani. Ilibidi Taratibu aingie kwanza, atoke kwa mlango wa nyuma, ndipo mlango wetu nao ufunguke. Ndani ya hadithi ya watu wengine aibu inapungua makali. Unaijaribu kwanza kwa jina la mwenzio.

Dada alirudi Tanga mwaka 2018, akafariki mwaka 2020, wakati viwanja vya ndege vimefungwa. Sikumzika. Mwaka jana binti yangu alipokuwa anaolewa aliniomba nimwandikie nasaba yetu, aiweke kwenye fremu. Niliandika na yule bibi, kwa majina yake yote mawili, juu kabisa, ubavuni pa mzee wa Shihri. Nikampelekea kaka yangu picha kwa simu. Akanijibu kwa mstari mmoja: hayo yangebaki kwenye vitabu vyako. Hatujazungumza vizuri tangu hapo, na mjomba mmoja naye amechukia. Kwa ajili hiyo majina yenyewe siyaweki hapa. Yana wenyewe wengine, na wao hawajakubali.

Lakini kwenye fremu sikuyafuta. Ipo ukutani kwa binti yangu. Na mimi nimeanza kuzisikiliza upya zile kanda za 1995, mahali hasa pale ninapomkatiza dada, nione alikuwa anataka kusema nini. Mwenye mzee nyumbani na amsomee kitu chenye watu. Halafu anyamaze.

Wasalaam.